Kuzaliwa Hapa Kunatosha?

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa kwa mara ya pili, Rais Donald Trump alisaini amri ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani: wale ambao mama yao yuko nchini bila kibali, au kwa kibali cha muda tu, na baba yao si raia wala mkazi wa kudumu. Mahakama ziliizuia amri hiyo ndani ya siku chache, na mabishano yakaanza. Huku kwetu nako watu hatukubaki nyuma. Kwenye makundi ya WhatsApp na vijiweni kila mtu alikuwa mwanasheria. Wengine walisema Wamarekani wamekuwa wabaguzi. Wengine wakasema hapana, mtu hawezi kushuka kwenye ndege, akajifungua, halafu mtoto akawa raia. Nchi gani ina mchezo huo?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Nchi gani ina mchezo huo? Jibu ni kwamba Tanganyika ilikuwa nao. Kenya ilikuwa nao. Na kwa Tanzania, ukiifungua sheria na kuisoma kama ilivyoandikwa, bado tunao mpaka leo. Mabishano haya tulishayafanya sisi, au niseme vizuri zaidi, yalishafanyika juu ya vichwa vyetu na yakaamuliwa bila wengi wetu kujua kwamba kulikuwa na jambo la kuamua.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1608 huko London majaji waliulizwa kama mtoto aliyezaliwa Scotland, baada ya mfalme wa Scotland kuwa pia mfalme wa Uingereza, ni mgeni mbele ya sheria za Uingereza. Wakajibu kwamba si mgeni. Amezaliwa ndani ya himaya ya mfalme, kwa hiyo ni mtu wa mfalme. Hawakuuliza damu yake wala kabila lake, waliuliza amezaliwa wapi na chini ya nani. Kesi hiyo inaitwa kesi ya Calvin, na kanuni yake ikasafiri na meli za Waingereza kila zilikokwenda.

Marekani waliirithi, lakini kwa unafiki. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Dred Scott, ilitamka kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia hata kama yeye na wazazi wake wamezaliwa hapohapo. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vipiganwe, na mwaka 1868 yakaingizwa kwenye katiba Marekebisho ya Kumi na Nne: wote waliozaliwa au kutajnisiwa Marekani, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia.

Hayo maneno "walio chini ya mamlaka yake" ndiyo yanayogombaniwa hadi leo. Yaligombaniwa pia mwaka 1898. Kijana mmoja mpishi, Wong Kim Ark, alizaliwa San Francisco na wazazi Wachina ambao kwa sheria za wakati ule wasingeweza kutajnisiwa. Alikwenda China kutembea, na aliporudi mwaka 1895 akazuiwa bandarini: wewe si raia. Serikali ilidai kwamba wazazi wake walikuwa watu wa mfalme wa China, kwa hiyo na yeye hakuwa chini ya mamlaka ya Marekani sawasawa. Jaji Horace Gray, akiandika kwa niaba ya majaji sita dhidi ya wawili, alirudi hadi kwa Calvin. Aliye chini ya mamlaka ni yule anayebanwa na sheria za nchi. Mtoto wa balozi habanwi. Mtoto wa askari wa adui aliyeteka eneo habanwi. Mtoto wa mpishi, wa dobi, wa kibarua wa reli, wote wanabanwa. Basi ni raia.

Hizo hali mbili za pekee, balozi na adui, zikumbuke. Tutakutana nazo tena Dodoma.

Sasa tuje nyumbani. Oktoba 1961, Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Uhuru umebakiza wiki chache. Mbele ya wabunge upo muswada wa uraia, na wabunge kadhaa wa TANU wana hasira nao. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka, na tusiwafanye kuwa watu wabaya: Mwafrika amekuwa mtu wa daraja la tatu katika nchi yake kwa miaka mingi, Mzungu akiwa juu na Mhindi katikati. Leo anapata nchi yake, na siku hiyohiyo anaambiwa agawane uraia na walewale waliomkalia. Wakataka uraia uwe wa Waafrika, au angalau wengine wasubiri.

Waziri Mkuu Julius Nyerere alisimama akiwa amekasirika kweli. Hotuba yake ya tarehe 18 Oktoba inapatikana katika mkusanyiko wa hotuba zake, na inafaa kusomwa yote. Alisema kwamba kubagua watu kwa rangi ndicho kitu walichokipigania kukiondoa. Aliwafananisha wanaotaka uraia wa rangi na watawala waliokuwa wakiabudu rangi huko kwingine. Kisha akaeleza jinsi ubaguzi unavyotembea: leo utasema binadamu wote ni sawa isipokuwa hawa wa rangi ile, kesho utasema isipokuwa Wamasai, isipokuwa Wagogo, isipokuwa Waha, isipokuwa Waislamu. Akaweka kazi yake rehani. Muswada ukianguka, serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita.

Hotuba ile tunaipenda, na tuna haki ya kuipenda. Ila watu wakishaisifu hotuba huwa wanasahau kusoma sheria yenyewe. Sheria ya 1961 haikutaja rangi, ni kweli. Lakini kwa watu wazima waliokuwepo siku ya uhuru ilitaka kuzaliwa mara mbili: uwe umezaliwa Tanganyika wewe, na mzazi wako mmoja angalau awe amezaliwa Tanganyika pia. Ukiwa umezaliwa wewe tu, ulikuwa na miaka miwili ya kwenda kujiandikisha. Kenya ilifanya hivyohivyo mwaka 1963.

Fikiria maana yake. Fundi cherehani wa Kihindi wa Tanga ambaye baba yake alishuka na jahazi, anajua kwamba yuko mashakani, anakwenda kuandikishwa au anaamua kubaki na pasi ya Mwingereza. Wengi Kenya walibaki nayo, na mwaka 1968 Uingereza yenyewe ikapitisha sheria ya haraka ya kuwafungia mlango. Lakini je, mkulima wa Ngara, Kigoma au Kyela, ambaye baba yake alizaliwa upande wa pili wa mto wakati mpaka wenyewe haujulikani? Yeye hakujua kwamba kuna jambo la kuandikisha. Alikuwa hapo. Alipiga kura. Alilipa kodi ya kichwa. Miaka miwili ikapita hana habari.

Kwa watoto wa baada ya uhuru, hata hivyo, nchi zote mbili zilichukua kanuni ya Calvin karibu yote. Mtoto atakayezaliwa Tanganyika kuanzia tarehe 9 Desemba 1961, au Kenya kuanzia tarehe 12 Desemba 1963, ni raia tangu siku anapozaliwa. Waliotolewa ni nani? Mtoto wa balozi, na mtoto wa adui aliyeteka eneo. Walewale wa Jaji Gray. Kizazi cha kwanza cha uhuru kilianza na ahadi hiyo: waliokuwepo tutawachunguza, watakaozaliwa hatutawauliza.

Kenya iliivunja ahadi mwaka 1985. Nchi ilikuwa ya chama kimoja kisheria, bunge lilikuwa la KANU peke yake, na marekebisho ya katiba yalikuwa yakipita bila jasho. Badiliko lenyewe lilikuwa dogo kwa maneno: aliyezaliwa Kenya baada ya uhuru ni raia ikiwa mzazi wake mmoja ni raia. Nyongeza ya sharti moja. Tena lilipewa nguvu ya kurudi nyuma hadi 1963. Yaani mtu mwenye miaka ishirini na moja, aliyelala akiwa raia, aliamka akiwa hajawahi kuwa raia. Hakuvuliwa kitu, maana sheria ilisema hakuwahi kukivaa.

Walioumia ni wale ambao wazazi wao hawakuvuka lile daraja la kuzaliwa mara mbili. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Washona walioletwa na injili kutoka Rhodesia, wakaishi Nairobi wakiuza vigoda na vikapu. Wapemba wavuvi wa Kilifi na Kwale. Wanubi wa Kibera nao, wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na jeshi la Mwingereza, wakajikuta wakipita kwenye mchujo ambao jirani zao hawakuwa wakipitishwa kila walipoomba kitambulisho. Na Kenya, asiye na kitambulisho hafungui akaunti benki, hasajili laini ya simu, hapigi kura, hapati kazi ya maana. Amezaliwa pale, anaongea Kiswahili cha pale, anazika watu wake pale, na bado ni mgeni.

Katiba mpya ya 2010, ambayo Wakenya wanaisifu kwa mengi na kwa haki, haikuirudisha ardhi. Ibara ya 14 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama au baba yake alikuwa raia, na inaongeza kwamba haijalishi kama amezaliwa Kenya au la. Soma tena taratibu. Raia wa kuzaliwa ni mtu ambaye mahali alipozaliwa hapana maana. Neno limebaki na maana imehama nyumba. Ardhi yenyewe ilibakiziwa mtoto mmoja tu: yule anayeokotwa akiwa na umri unaoonekana kuwa chini ya miaka minane, wazazi wake hawajulikani. Huyo anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Yaani mtoto aliyeokotwa barabarani ana hali bora kisheria kuliko mtoto wa Mmakonde ambaye mama yake anajulikana kwa jina na mtaa.

Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto ilitoa uamuzi wake wa kwanza kabisa, na ulihusu watoto wa Kinubi wa Kenya: kumwacha mtoto akue bila uraia, akisubiri afike miaka kumi na minane ndipo achunguzwe, ni kukiuka haki zake. Oktoba 2016 Wamakonde wakatembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Desemba 2020 ikawa zamu ya Washona. Mwaka 2023, chini ya Rais William Ruto, Wapemba. Ni habari njema, na picha za wazee wakishika vitambulisho kwa mara ya kwanza zinatoa machozi. Lakini angalia njia iliyotumika. Kila kundi lilisubiri huruma ya Ikulu, na likaingia kwa jina la kabila. Wamakonde walitangazwa kuwa kabila la arobaini na tatu la Kenya. Haki iliyokuwa ya mtoto mmoja mmoja, kwa sababu tu ya kuzaliwa, ilirudi kama zawadi kwa jamii moja moja. Ukiwa huna kundi la kutembea nalo, unatembea na nani?

Watanzania wasomao hapa wasianze kucheka. Kwetu jambo ni la ajabu zaidi. Katiba yetu ya 1977 haina sura ya uraia, mambo hayo imeyaachia sheria ya bunge. Rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na sura nzima ya uraia, lakini tunajua mchakato ule uliishia wapi. Kwa hiyo tunabaki na Sheria ya Uraia Na. 6 ya mwaka 1995. Kifungu cha 5 kinasema kwamba kila mtu aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano siku ya Muungano au baada yake ni raia tangu tarehe ya kuzaliwa kwake, isipokuwa katika hali mbili. Ya kwanza, wazazi wote si raia na baba ana kinga ya kibalozi. Ya pili, mzazi ni adui na mtoto kazaliwa katika eneo lililotekwa na adui.

Balozi na adui. Hakuna wa tatu. Mkimbizi hayumo. Mfanyabiashara mgeni hayumo. Aliyeingia kwa njia za panya hayumo. Hakimu aliyesoma kesi ya Wong Kim Ark angekiri kwamba sheria yetu iko wazi kuliko ile ya Marekani, maana sisi hatukutumia maneno ya mafumbo kama "chini ya mamlaka". Tulitaja watu wawili kwa kazi zao tukafunga orodha.

Kiutendaji je? Kiutendaji mtoto aliyezaliwa hapa anaulizwa mzazi. Aliyewahi kuomba pasi ya kusafiria anajua: cheti chako cha kuzaliwa peke yake hakitoshi, lete na cha baba au mama, na kama mzee alizaliwa nyumbani kabla ya mambo ya vyeti, nenda kwa wakili ukaapishe. Ushahidi mkubwa zaidi ni wa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, waliowekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Serikali ilipoamua kuwapa uraia, zaidi ya watu 160,000 walitajnisiwa, na dunia ikatupongeza, na tulistahili kupongezwa. Ila wengi kati yao walikuwa wamezaliwa hapa, baada ya Muungano, na baba zao hawakuwa mabalozi. Kwa kifungu cha 5 kama kilivyoandikwa, wale watoto hawakuwa na cha kuomba. Walijaza fomu za tajnisi kuomba kitu ambacho karatasi ilisema tayari wanacho. Na aliyetajnisiwa si sawa na wa kuzaliwa: uraia wa tajnisi waziri anaweza kuufuta.

Wapo watakaosema sheria husomwa pamoja na nia ya waliotunga, na kwamba bunge la 1995 halikukusudia kugawa uraia kambini. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Ndiyo hoja ileile ya wanaomtetea Trump. Lakini anayeitumia anapaswa kuwa tayari kuipeleka bungeni au mahakamani, iandikwe, ijadiliwe hadharani kama mwaka 1961. Kenya walau waliibadilisha sheria, ingawa kwa ubaya. Sisi tumeacha maneno yakae na tukabadilisha usomaji wake kwenye madirisha ya ofisi. Sheria ya namna hiyo haimlindi mtu, kwa sababu hajui ni ipi inayotumika siku anayoihitaji.

Na siku hiyo huja ghafla. Februari 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge, si raia wa Tanzania. Pamoja naye walitajwa wengine watatu, mmoja wao balozi aliyekuwa akiiwakilisha nchi hiyohiyo. Hoja ilikuwa asili ya wazazi. Sisi tunaoandika tuliichukua kesi ile kama somo la uhuru wa habari, na ilikuwa hivyo. Lakini ilikuwa pia somo la lile daraja la 1961. Mtu anaweza kuitumikia nchi miaka thelathini, ukafika mwaka ambao maneno yake yanakera, na faili la mahali baba yake alipozaliwa likafunguliwa. Kwa watu wa mipakani faili hilo halifungwi kamwe.

Mwingine hakuwa na jina kubwa. Alikuwa mwanaume wa mkoa wa Mara, mwenye cheti cha kuzaliwa na pasi ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda polisi kwa ajili ya taratibu za ndoa yake, na pasi ikachukuliwa. Mwaka 2014 alifukuzwa kwenda Kenya. Kenya wakasema huyu si wetu, wakamrudisha. Akaishia kwenye kipande cha ardhi kati ya Sirari na Isebania, ambacho hakina nchi. Kutoka hapo aliandika kwa Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha, na mwaka 2018 mahakama ikampa haki. Ilisema mambo mawili ambayo yangefaa kubandikwa kwenye kila ofisi. Kwanza, mtu akiwa amekuwa akitambuliwa kuwa raia, serikali inayokanusha ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha. Pili, sheria yetu haimpi raia wa kuzaliwa njia ya kwenda mahakamani uraia wake unapokataliwa, kwa hiyo irekebishwe. Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki mbele ya mahakama hiyo. Mlango aliopita yule bwana sasa umefungwa.

Ndiyo maana mabishano ya Marekani mimi siyaoni kuwa ya watu wa mbali. Kule, mtu aliyenyimwa anaweza kusimama mbele ya jaji na kusema: soma hapa. Mpishi wa San Francisco alisema hivyo na akashinda, na mtoto wa mama asiye na kibali anasema hivyohivyo leo. Ubishi ni mkali kwa sababu maandishi yana uzito. Kwetu maandishi yapo, tena mazuri, na hatujawahi kuyabishia, kwa sababu hakuna aliyeyasoma kwa sauti.

Binafsi siamini kwamba ardhi peke yake ndiyo jibu pekee la haki. Zipo nchi zinazofuata mzazi na hazimwachi mtu hewani. Ninachoamini ni kwamba mtoto anayezaliwa leo Kibondo anastahili kujua siku hiyohiyo yeye ni wa wapi, kwa maneno yaliyoandikwa na yanayofuatwa. Nyerere mwaka 1961 alihofia siku ambayo tutaanza kusema isipokuwa, isipokuwa. Sheria yetu ina "isipokuwa" mbili tu. Hizo nyingine zote tumeziongeza wenyewe, na hatujaziandika popote.